Alama za Urithi katika Papa

Papa mkavu afikapo katika masoko ya Kibaha na Kisarawe huwa amekwisha katwa vipande, akatiwa chumvi na kuanikwa. Kichwa hakipo, wala mapezi. Hata mtaalamu ni vigumu kusema kwa macho tu ni papa wa aina gani, au alivuliwa maji gani.

Hata hivyo, ndani ya nyama ile imo DNA, yaani uzi mrefu wa kikemia uchukuao maagizo ya urithi. Uzi huu umeandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Aina ya papa hujulikana kwa kusoma sehemu zibadilikazo polepole. Lakini kupambanua jamii mbili za aina ile ile kwahitaji sehemu zibadilikazo upesi.

Mahali pengi katika uzi huo herufi mbili hurudiwa mfululizo, mathalani CACACA. Tuseme mama ana marudio 12 na 15, na baba 10 na 18. Mtoto hupokea moja kutoka kwa kila mzazi, labda 12 na 18. Sehemu kama hii ndiyo alama ya urithi. Mtafiti hukata kipande kidogo cha ngozi, hukihifadhi katika spiriti, hutoa DNA, huizidisha sehemu ile mara mamilioni, kisha hupima urefu wake. Alama moja haitoshi; hutumika kadhaa pamoja.

Tutazame papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, aonekanaye Mafia, katika Mkoa wa Pwani ambao makao yake makuu ni Kibaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa potwe wa Bahari ya Hindi na wa Pasifiki huchanganya uzazi, ilhali wale wa Atlantiki ni jamii mbali. Lakini vyombo vya sauti walivyofungwa potwe wa Mafia vimeonyesha kuwa wengi hawaondoki hapo kwa muda mrefu.

Je, habari hizi zapingana? Hapana. Wahamiaji wachache katika kila kizazi hutosha kuzifananisha alama za jamii mbili; hawatoshi kuziba pengo la waliofia nyavuni. Kwa hiyo mtu asiseme, "Bahari ni moja, wengine watakuja." Alama hutueleza undugu wa papa, kuwahifadhi waliopo Mafia ni kazi yetu.