Mnasihi wa Shule Huandaliwa Vipi?
Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wahisani



Miongoni mwa maombi ya miradi yanayotufikia kutoka parokiani, limo ombi moja linalorudi mara kwa mara: kuanzisha huduma ya unasihi katika shule ya parokia. Bajeti zake hufanana. Huwa na chumba, meza, viti viwili, kabati lenye kufuli, na semina ya siku tatu kwa mwalimu mmoja. Tunaliheshimu ombi hilo, maana linatoka kwa wazazi na walimu wanaoona watoto wakihangaika. Lakini siri ya mtoto haitunzwi na kabati. Inatunzwa na mtu. Basi swali la kwanza ni hili: mtu huyo huandaliwa vipi, na nani atamwangalia semina ikishakwisha?

Tunaomba somo hili lisomwe katika kikao cha kamati, kisha yajadiliwe maswali yaliyo mwishoni.

1. Mnasihi wa shule ni nani?

Parokiani kuna watu wengi wanaotoa ushauri: padre, katekista, wazee wa jumuiya, mashangazi. Huo ni ushauri wa malezi na una nafasi yake. Mshauri wa namna hiyo, kwa umri na busara yake, humwambia kijana, "Fanya hivi."

Mnasihi wa shule ana kazi nyingine. Humsikiliza mwanafunzi mpaka aweze kulitaja tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe, kisha humsaidia kuzipima njia zilizopo. Huongoza vikundi vya wanafunzi wenye shida inayofanana, kwa mfano waliofiwa na wazazi. Humsaidia kijana kupanga masomo na kazi ya baadaye. Tena hutambua wakati ambapo tatizo limemzidi uwezo, akampeleka mtoto kwa daktari au kwa afisa ustawi wa jamii.

2. Kwa nini tutazame Marekani?

Tumechagua mfano wa Marekani kwa sababu huko njia ya kuwa mnasihi wa shule imepangwa hatua kwa hatua. Haikujengwa kwa siku moja. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha mjini Boston ofisi ya kuwaongoza vijana katika kuchagua kazi. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha kitaifa cha wanasihi wa shule. Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, serikali ya Marekani ilitunga sheria mwaka 1958 iliyotoa fedha za kuwafundisha wanasihi wa shule za sekondari, ili vijana wenye vipaji vya sayansi wasipotee. Toka hapo kazi ilipanuka, na mafunzo nayo yakaongezeka.

3. Masomo ya darasani

Leo, kwa kawaida, anayetaka kuwa mnasihi wa shule nchini humo husoma kwanza shahada ya kwanza, halafu shahada ya uzamili katika unasihi. Baraza linaloitwa CACREP, lililoanzishwa mwaka 1981, hukagua na kuzipa ithibati programu za vyuo vikuu. Programu yenye ithibati hiyo huwa na krediti 60, kazi ya miaka 2 hadi 3.

Kila mwanafunzi husoma maeneo manane ya msingi: maadili ya kazi, tofauti za jamii na utamaduni, ukuaji wa binadamu tangu utoto, uchaguzi wa kazi, mbinu za mazungumzo ya unasihi, uongozaji wa vikundi, upimaji, na utafiti pamoja na tathmini. Juu ya hayo huongezwa masomo yanayohusu shule yenyewe.

4. Saa 700 chini ya msimamizi

Hapa ndipo tunapoomba kamati itulie kidogo. Mwanafunzi huyo hapewi shahada kwa kufaulu mitihani tu. Chini ya ithibati tuliyoitaja, hufanya mazoezi ya awali ya saa 100, na kati ya hizo zisizopungua 40 awe ameketi na watu wanaohudumiwa. Kisha hufanya mazoezi kamili ya saa 600, na kati ya hizo zisizopungua 240 ziwe za huduma ya ana kwa ana. Jumla ni saa 700.

Katika muda wote huo hayuko peke yake. Kila wiki, kwa wastani, hukutana na msimamizi wake kwa saa 1, na hukaa na wenzake katika kikundi cha usimamizi kwa saa 1 na nusu. Msimamizi husikiliza rekodi za mazungumzo au hutazama kazi ikifanyika. Huuliza: Kwa nini ulimkatiza mtoto hapa? Kwa nini uliharakisha kutoa jibu? Alipotaja nyumbani, kwa nini ulibadili mada?

Sasa tulinganishe. Semina ya siku tatu, kwa saa nane kila siku, ni saa 24. Na mara nyingi katika saa hizo 24 hakuna hata moja ambayo mwalimu ameketi na mtoto huku mtu mwenye uzoefu akimwangalia. Semina inaweza kumfungua mwalimu macho, lakini mnasihi hakomai kwa semina.

5. Leseni, na anayeitoa

Baada ya shahada, mhitimu huomba leseni au cheti cha kazi kwa mamlaka ya elimu ya jimbo lake. Masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, ila kwa kawaida ni manne: shahada inayotambuliwa, uthibitisho wa mazoezi, mtihani wa kitaaluma, na uchunguzi wa mwenendo wake, ambao hufanywa kwa alama za vidole ili kujua kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa.

Texas ni mfano mzuri. Jimbo hilo hudai shahada ya uzamili isiyopungua krediti 48 na mtihani wa jimbo. Kwa miaka mingi lilidai pia mwombaji awe amefundisha darasani kwa miaka 2, sharti ambalo majimbo mengine mengi hayana. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5, na mwenye cheti huonyesha kwamba amepata saa 200 za mafunzo ya kujiendeleza.

Ieleweke pia kwamba leseni ya mnasihi wa shule ni tofauti na leseni ya mnasihi anayetibu watu kliniki. Hiyo ya pili hutolewa na bodi nyingine, na katika Texas huhitaji saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi baada ya shahada. Kwa hiyo mnasihi wa shule huijua mipaka yake. Hafanyi tiba ya muda mrefu. Huanza kusaidia, na lililo zito hulipeleka panapostahili.

Faida kubwa ya leseni ni kwamba aliyeitoa anaweza kuinyang'anya. Mnasihi akivunja maadili, mzazi anajua mahali pa kushtaki.

6. Pale mtoto anaposema, "Usimwambie mtu"

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Msichana wa kidato cha pili anamwendea mwalimu na kusema, "Nitakuambia jambo, lakini niahidi hutamwambia mtu." Mwalimu mwenye huruma anaahidi. Msichana anaeleza kwamba ndugu wa nyumbani anamwingilia usiku.

Mwalimu sasa amenaswa. Akinyamaza, mtoto anarudi kwenye hatari ileile. Akisema, amevunja ahadi, na mtoto hatamwamini mtu mzima tena. Wengine katika hali hiyo hulipeleka jambo kwenye ofisi ya walimu, na kabla ya jioni limefika sokoni.

Aliyefundishwa huanza mapema. Kabla mtoto hajaeleza lolote, humwambia: "Utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa nikisikia kwamba unaumizwa, unataka kujiumiza, au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitalazimika kumwambia mtu wa kutusaidia, na wewe utajua ninamwambia nani." Sentensi hizo chache hufundishwa na kurudiwa katika mazoezi mpaka zimkae mdomoni.

Sheria nayo imo ndani ya jambo hili. Marekani ilitunga sheria ya taifa ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto mwaka 1974, na wanasihi wa shule wanawajibika kisheria kutoa taarifa. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa. Wajibu huo unatuhusu sote, wanakamati tukiwemo.

7. Leseni peke yake haitoshi

Tusidhani kwamba Marekani wamemaliza kazi. Chama chao cha wanasihi wa shule kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Katika mwaka wa masomo 2022–23 wastani wa nchi ulikuwa mmoja kwa wanafunzi 385. Tena wengi hulalamika kwamba wanapewa kazi za kupanga ratiba na kusimamia mitihani, muda wa kuonana na wanafunzi ukapungua. Mtu aliyeandaliwa vizuri naye huhitaji muda.

8. Hapa kwetu

Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na tangu hapo unasihi ulitegemewa zaidi katika nidhamu. Mwaka 2014 walitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili.

Kwetu Tanzania, Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma ya ushauri na unasihi iwepo shuleni. Mara nyingi anayeteuliwa ni mwalimu mwenye vipindi kamili, na unasihi huufanya wakati wa mapumziko. Mahitaji nayo yameongezeka. Tangu Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Msichana anayerudi akiwa mama anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na wanafunzi wenzake wanahitaji kuandaliwa kumpokea.

9. Kamati na wahisani wafanye nini?

Hatuwezi kuinakili Marekani. Hata hivyo mambo matano yanawezekana sasa.

Kwanza, msimteue mwalimu wa nidhamu. Mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu anayemwogopa. Tazameni wanafunzi wenyewe humwendea nani.

Pili, mpunguzieni vipindi. Kubalianeni na mkuu wa shule juu ya saa maalumu za unasihi, ziandikwe kwenye ratiba.

Tatu, mtafutieni msimamizi: mnasihi aliyesomea, anayefanya kazi hospitalini, chuoni au ustawi wa jamii, wakutane walau mara moja kwa mwezi. Parokia tatu au nne zinaweza kuchangia nauli na posho yake.

Nne, andikeni orodha ya mahali pa kupeleka mambo mazito: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali ya wilaya, na namba ya simu ya bure ya msaada kwa mtoto, 116.

Tano, chagueni mwalimu mmoja wa kusomeshwa kwa muda mrefu, kwa mkataba wa kurudi kuitumikia shule. Kabla ya kulipa ada ulizeni chuo: mazoezi ni saa ngapi, na msimamizi ni nani?

Kwa wahisani tunasema kwa unyenyekevu: chumba kinapigwa picha, usimamizi haupigwi. Lakini mkituuliza shilingi ya kwanza iende wapi, tutawaelekeza kwa msimamizi. Mazungumzo yanaweza kufanyika hata chini ya mwembe, mradi anayesikiliza ameandaliwa na yupo anayemwangalia.

10. Maswali ya kujadili

(a) Katika shule yetu, mwanafunzi mwenye shida humwendea nani leo? Mtu huyo ameandaliwa vipi?

(b) Mtoto akieleza kwamba anaumizwa nyumbani, mwalimu anajua hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu?

(c) Ni nani katika wilaya yetu anayeweza kuwa msimamizi? Nani kati yetu atamwendea kabla ya kikao kijacho?

(d) Katika bajeti yetu, ni kiasi gani kimetengwa kwa vitu, na kiasi gani kwa mtu?

Tunaomba kila kamati ituandikie majibu ya swali (c). Kwa majibu hayo tutazikutanisha parokia zilizo jirani ili zichangie msimamizi mmoja.