Njeo na Upeo wa Fikra: Hoja ya Mbiti na Mwerezi wa Naro Moru

Je, fikra za watu huelekea zaidi yaliyopita au yajayo? John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), alidai kwamba Mwafrika kijadi hutazama nyuma. Aliazima maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, akachunguza njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, akahitimisha kuwa hakuna njeo ya kueleza yaliyo mbele zaidi ya miaka miwili hivi.

Hitimisho hilo lina walakini. Njeo huonyesha jinsi lugha inavyougawa wakati. Haipimi upeo wa fikra za msemaji. Huko Naro Moru, Nyeri, mkulima asemaye Kikuyu hichohicho apandapo mwerezi hujua kuwa mti huo hukua polepole, na kwamba huenda nguzo zake zikakatwa na wajukuu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliasisi Green Belt Movement mwaka 1977 kwa imani iyo hiyo.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Wanaisimu wengi huona kuwa kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi taka. Umbo kamili limesalia katika atakayekuja na atakapofika. Yajayo, basi, husemwa kwa neno la nia. Methali nayo huagiza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Kwa hiyo, anayechunguza mtazamo wa jamii kuhusu wakati asikomee kwenye njeo. Asikilize pia methali, na atazame kinachopandwa shambani.