Kompyuta ijiunge yenyewe na intaneti

Swali: Kila nikiwasha kompyuta yangu ya nyumbani, yenye Windows 11, lazima nichague Wi-Fi upya. Nifanyeje ijiunge yenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, ni tiki moja tu inayokosekana. Bofya alama ya mtandao iliyo karibu na saa, chini kulia, uchague Wi-Fi yako. Kabla ya kuunganisha, weka tiki penye "Connect automatically", kisha andika nywila. Kompyuta itaikumbuka.

Ikiwa Wi-Fi hiyo inatoka kwenye bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe "Metered connection". Windows itapunguza kupakua masasisho kimyakimya.

Wi-Fi ya mgahawani isiyo na nywila usiiwekee tiki hiyo. Tapeli anaweza kufungua mtandao wenye jina lilelile, kompyuta ikajiunga bila wewe kujua.