NAFSI ZA WATU NA SIASA ZA TABIANCHI: SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI



Aghalabu hudhaniwa kwamba watu wakipewa ukweli wa kutosha wataamua kwa busara. Katika habari ya mabadiliko ya tabianchi, yaani kubadilika kwa joto na mvua kwa muda wa miaka mingi, dhana hiyo imeshindwa mara kwa mara. Wataalamu wameeleza, takwimu zimetolewa, na mataifa yamekutana tangu mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992. Hata hivyo hatua zimekuwa za kusitasita. Fedha na nguvu za wenye viwanda vya mafuta ni sababu mojawapo. Somo hili lahusu sababu nyingine, nayo ni saikolojia, yaani elimu ya namna nafsi ya mtu inavyofikiri na kuamua. Tutaanza na mambo ya Kanada na Marekani, kwa kuwa huko yamechunguzwa sana. Kisha tutarudi kwenye mkutano mkuu wa chama cha wakulima wa kahawa.

1. Hasara huuma kuliko faida inavyofurahisha

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza kwamba uchungu wa kupoteza kitu huzidi furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Mtu aliyepoteza shilingi elfu moja hatulizwi na elfu moja aliyookota.

Tazama yaliyotokea Kanada. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa juu ya mafuta, ili watu wapunguze kuyachoma. Katika majimbo yaliyohusika, sehemu ipatayo 90 katika kila 100 ya fedha hizo ilirudishwa kwa kaya, mwanzo kwa njia ya hesabu za kodi za mwaka, na tangu mwaka 2022 mara nne kwa mwaka. Lakini mtu aliiona kodi kila alipojaza mafuta, na marejesho yakaingia benki kimyakimya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wengi hawakujua kiasi walichorudishiwa, au walikidhania kuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Na hata walipoelezwa kiasi halisi, uungaji mkono haukuongezeka. Chama cha upinzani kilifanya kampeni ya kuifuta kodi hiyo. Hatimaye, tarehe 1 Aprili 2025, kodi hiyo ya watumiaji ilikoma, na aliyeikomesha ni Waziri Mkuu Mark Carney wa chama kilekile kilichoianzisha.

Funzo ni hili: gharama inayoonekana leo na faida inayofika baadaye kwa njia nyingine hazipimwi katika mizani moja.

2. Mtu huamini pamoja na wenzake

Huko Marekani jambo hili halikuwa la chama kimoja tangu mwanzo. Mwaka 1988 George H. W. Bush, mgombea wa chama cha Republican, aliwaahidi wapiga kura kwamba angekabili tatizo la kuongezeka kwa joto la dunia. Miaka ilivyopita, msimamo juu ya tabianchi uligeuka kuwa alama ya kutambulisha mtu yu upande gani. Rais Donald Trump alitangaza mwaka 2017 kuitoa nchi katika Mkataba wa Paris, Rais Joe Biden akairudisha mwaka 2021, na Rais Trump akaamuru tena itoke mwaka 2025.

Je, tatizo lilikuwa upungufu wa elimu? Mwaka 2012 Dan Kahan na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wamarekani wapatao 1,500. Walikuta kwamba wale waliokuwa hodari zaidi katika sayansi na hesabu hawakukaribiana mawazo, walitengana zaidi. Kila mmoja aliutumia ujuzi wake kutetea upande wake. Maelezo yao ni mepesi kufahamika. Maoni ya mtu mmoja hayabadilishi joto la dunia, lakini yaweza kumpotezea heshima mbele ya jirani, jamaa na waumini wenzake. Kwa hiyo kwake ni nafuu kukosea pamoja na wenzake kuliko kusema kweli akiwa peke yake.

3. Dawa ikichukiwa, ugonjwa hukanwa

Mwaka 2014 Troy Campbell na Aaron Kay walionyesha jambo la tatu. Wafuasi wa Republican walipoelezwa kwamba dawa ya tatizo ni sheria kali za serikali, wengi walikataa kwamba tatizo lipo. Walipoelezwa kwamba dawa ni biashara huria, walioukubali ukweli uleule waliongezeka. Hivyo mara nyingi anayebisha juu ya ugonjwa anabisha hasa juu ya dawa.

4. Mambo haya katika mkutano wetu

Msomaji asidhani kwamba hizi ni tabia za Wazungu. Fikiria mkutano mkuu wa chama cha msingi cha kahawa. Uchunguzi wa takwimu za Tanzania uliotolewa mwaka 2015 ulikadiria kwamba joto la usiku likiongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno ya arabika hupungua kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Kamati yapendekeza makato kwa kila kilo ili chama kianzishe kitalu cha miche ya kivuli na ya kahawa inayostahimili kutu ya majani na chulebuni. Makato yataonekana msimu huu. Mche wa kahawa hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Mzee mmoja anayeheshimiwa asimama na kusema kwamba mvua ni za Mungu na ukame ulikuwapo tangu zamani. Nani atakayembishia mbele ya watu?

Mwingine atasema kwamba waliochafua hewa ni nchi tajiri. Asema kweli: sehemu ya Afrika nzima katika hewa ukaa inayotolewa duniani kila mwaka haifiki 5 katika 100, na kudai haki hiyo ni wajibu wa mataifa yetu. Lakini mkahawa hausikilizi kesi. Dai la haki lisigeuzwe kuwa sababu ya kukaa bure huku mavuno yakipungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Yapasayo Katibu na Kamati

(a) Anzeni na daftari la chama. Someni kilo zilizopimwa kila msimu kwa miaka kumi au zaidi, kisha waulizeni wanachama wenyewe waeleze sababu. Hasara iliyokwisha kuwapata wataisikia kuliko ile itakayokuja mwaka 2050. Wakitaja uzee wa miti au bei mbaya, waandikeni pia. Joto si sababu pekee.

(b) Gharama na faida zionekane pamoja. Ikiwezekana, mwanachama apokee miche yake siku ileile anayosomewa makato, na hati yake ionyeshe yote mawili.

(c) Kabla ya mkutano, waendeeni wazee na akina mama wenye kuaminiwa mkawasikilize. Wao wakisema, hakuna atakayeona aibu kukubali.

(d) Leteni dawa zaidi ya moja: kitalu cha chama, kazi ya pamoja bila makato, au kila mtu kuotesha mwenyewe. Mwanachama mwenye hiari ya kuchagua dawa hana haja ya kuukana ugonjwa.

(e) Jambo hili lisiwe la kundi fulani katika Kamati, wala la chama cha siasa. Likishakuwa bendera, halijadiliwi tena.

6. Onyo

Elimu hii si hila ya kuwashinda wanachama. Mwanachama aliyewahi kukatwa fedha kwa ajili ya mfuko ambao hesabu zake hazikusomwa, naye akakataa makato mapya, hasumbuliwi na udhaifu wa nafsi, anakumbuka. Dawa ya kumbukumbu hiyo ni vitabu vilivyo wazi. Katibu aliye na hesabu safi anahitaji maneno machache kuhusu tabianchi. Asiye nazo, hata ukweli atakaousema utashukiwa.

Maswali ya majadiliano

1. Ni uamuzi gani wa chama chenu ulikataliwa kwa sababu ya gharama iliyoonekana mapema na faida iliyochelewa?

2. Katika chama chenu, ni nani ambaye akinyamaza, wengine hunyamaza? Je, mmewahi kumsikiliza faraghani?

3. Someni kilo za misimu kumi iliyopita. Zaonyesha nini, nanyi mtafanya nini kabla ya msimu ujao?