Kadi Janja kwenye Linux: Kivinjari Kije Mwisho

Ukiwa Iringa na unataka kuingia kwenye mfumo wa kazini kwa kadi janja badala ya nywila, anza na kisomaji cha kadi. Ukikiagiza Kariakoo kitakuja kwa basi, na karibu kilomita 500 ni mbali mno kurudisha kifaa kilichokosewa. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa: kinafuata kiwango cha CCID? Kinachofuata kiwango hicho hakihitaji diski yoyote, maana Linux inakijua.

Si kila kadi yenye chipu inafaa. Ya benki, kwa mfano, haina kazi hapa. Unahitaji kadi yenye cheti cha kidijitali na ufunguo wa siri uliofungiwa ndani, ambao hautoki hata kompyuta ikiwa na virusi. Tovuti bandia inaweza kukuibia nywila, lakini ufunguo huo haiupati.

Kwenye Ubuntu au Debian, fungua terminali uandike:

sudo apt install pcscd opensc pcsc-tools libnss3-tools

Chomeka kisomaji, ingiza kadi, kisha andika pcsc_scan. Jina la kisomaji lisipotokea, badilisha waya au tundu la USB. Usiguse kivinjari bado. Likitokea, bonyeza Ctrl+C, uandike pkcs11-tool -O. Hapo uone cheti chako. Kama kadi inaonekana lakini cheti hakipo, huenda OpenSC haiifahamu kadi hiyo. Waombe waliokupa kadi wakupe moduli yao ya Linux.

Sasa Firefox. Hapa ndipo wengi hukwama na kulaumu kadi bure. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama snap, yaani programu iliyozungushiwa uzio, na uzio huo unaweza kuizuia kufikia moduli ya kadi. Andika snap list firefox ujue kama ndiyo uliyo nayo. Ukiifuta na kuandika apt install firefox, Ubuntu itakurudishia snap ileile. Ongeza kwanza hazina ya Mozilla yenyewe, uipe kipaumbele, ndipo usakinishe. Wenye Debian au Linux Mint hawana adha hii.

Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Privacy & Security", bonyeza "Security Devices", kisha "Load", uandike njia hii:

/usr/lib/x86_64-linux-gnu/opensc-pkcs11.so

Chrome haina kitufe hicho. Ifunge kabisa, halafu andika kwa mstari mmoja:

modutil -dbdir sql:$HOME/.pki/nssdb -add OpenSC -libfile /usr/lib/x86_64-linux-gnu/opensc-pkcs11.so

Ikilalamika kwamba hifadhidata haipo, itengeneze kwa mkdir -p ~/.pki/nssdb, kisha certutil -N -d sql:$HOME/.pki/nssdb --empty-password, urudie. Chromium ya Ubuntu nayo ni snap, hivyo tumia Chrome.

Fungua tovuti ya kazini. Kivinjari kitakuomba namba ya siri na kukuuliza utumie cheti kipi. Usibahatishe namba: kadi nyingi hujifunga baada ya kukosea mara 3, na kuifungua kunahitaji namba nyingine ambayo mara nyingi hubaki kwa waliokupa kadi. Tovuti ikidai cheti chake hakiaminiki, usikubali tu ili upite. Chukua cheti cha mamlaka iliyokitoa mkononi mwa fundi wa taasisi yako.

Kwenye kompyuta ya maabara ya chuo au ya ofisi mnayochangia, kuchomoa kadi peke yake hakutoshi. Funga na kivinjari chote, kwa sababu kikao kinaweza kuendelea kuwa wazi.

Tena, kadi hiyohiyo mara nyingi hutia saini nyaraka, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Usimwazime mwenzako hata kwa dakika tano, na ikipotea, wapigie waliokupa siku hiyohiyo wakibatilishe cheti.