Mpango wa Kilimo Hupimwaje?

Msomaji asikiapo kwamba Serikali imetoa fedha ili kumwondoa mkulima katika hali ya kulima kwa kujaza tumbo tu, hana budi kujiuliza: baadaye nitajuaje kama mpango huo umefaulu? Na tujifunze kwa mfano wa Mpango wa Swynnerton, ulioanzishwa Kenya mwaka 1954.

Bwana R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo alikusudia kwamba jamaa 600,000 za Waafrika, ambazo mazao yao ya kuuza yalikadiriwa kuwa ya pauni 10 kwa mwaka, zifikie pauni 100. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, wenyewe wakapewa hati. Nao wakulima wengi zaidi wakaruhusiwa kupanda kahawa.

Swali la kwanza: Je, jumla iliongezeka? Naam. Thamani ya mazao ya mashamba madogo iliyoandikwa ilikuwa pauni milioni 5.2 mwaka 1955. Mwaka 1964 ilifika milioni 14. Hilo si jambo dogo.

La pili: Je, lengo lilifikiwa? Gawanya milioni 14 kwa jamaa 600,000. Kila moja ingepata pauni 23 hivi, na hapo gharama za shamba hazijatolewa.

La tatu: Ni nani aliyepata? Tuseme kijiji kina nyumba kumi. Tisa zapata shilingi 200 kila moja, yaani pauni 10. Moja yapata shilingi 4,200. Wastani ni shilingi 600, nawe utaambiwa kwamba kijiji kimeendelea, hali nyumba tisa hazijasogea hata hatua moja. Mpango wenyewe ulikiri kwamba wengine wangeongeza ardhi na wengine wangeikosa. Tena, katika nchi ya Wakikuyu ardhi iliunganishwa wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wakiwa kizuizini, wasiweze kusimama mpakani kutetea haki zao. Hati nazo kwa kawaida ziliandikwa kwa jina la mume, ingawa mke alipalilia na kuchuma.

La nne: Kipimo kilichukuliwa lini? Mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Apimaye mwaka wa pili huona gharama tu, asione mavuno.

Basi, uletewapo habari za mpango wo wote, usitosheke na jumla. Nenda mpaka nyumba maskini kuliko zote kijijini, uulize: mwaka jana mliuza nini, mlibakiwa na nini, na fedha ilishikwa na nani?