SOMO LA MWEZI: KUJITAYARISHA KWA USAILI WA MENEJA WA BIDHAA



Mwanachama mmoja, fundi wa mashine za kufumia katika kiwanda cha nguo, alitujia na swali. Binti yake aliyemaliza chuo alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya meneja wa bidhaa katika kampuni kubwa ya teknolojia mjini Nairobi. "Kazi yenyewe siijui," alisema ndugu huyo. "Nitamsaidia nini?" Tulimjibu kwamba anaweza kumsaidia sana. Somo hili linaeleza kwa nini.

Kazi hii ni nini?

Kazi hii haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia kwenye sabuni. Mwaka 1931, huko Marekani, Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble aliwaandikia wakubwa wake waraka. Alitaka kila aina ya sabuni iwe na mtu wake maalumu, wa kujua inauzwa wapi, kwa nini hainunuliwi mahali fulani, na nini kifanyike. Miaka mingi baadaye makampuni ya kompyuta yaliichukua fikra hiyo na kuigeuza ifae kazi zao.

Leo meneja wa bidhaa ndiye anayeamua, pamoja na wenzake, ni shida gani ya watumiaji itatatuliwa kwanza na kwa njia gani. Yeye si mnyapara. Mara nyingi wahandisi hawako chini yake, kwa hiyo huwashawishi kwa hoja wala hawaamrishi. Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi mwaka 2019, na mwaka 2022 Google ilitangaza kituo chake mjini humo, ikiwataka wahandisi na mameneja wa bidhaa. Basi jambo hili liko mlangoni petu.

Usaili unavyokwenda

Kwa kawaida huanza na mazungumzo ya simu. Anayefaulu huitwa kwenye duru ya mahojiano manne au matano, kila moja na mtu mwingine, kwa dakika 45 au saa nzima. Maswali ni ya aina nne.

Kwanza: swali la kubuni. Tuseme msaili anasema, "Buni huduma ya simu kwa wachumaji wa chai." Kosa la wengi ni kurukia jawabu. Anayejua huuliza kwanza: lengo ni nini, na ni wachumaji gani? Kisha hutaja shida zao, huchagua moja, na kusema kwa nini ameichagua. Mathalani ugomvi wa mizani: mchumaji amepima kilo 32, mwisho wa mwezi karani anaonyesha 27, na kikaratasi kimelowa mvua. Hapo ndipo anapendekeza: kila baada ya kupima, mchumaji apate ujumbe mfupi wenye kilo zake. Iwe kwa simu ya kawaida, kwa sababu si kila mtu ana simu kubwa, na iwe kwa maneno machache, kwa sababu si kila mtu anasoma vizuri. Mwisho aeleze atajuaje kwamba huduma inafaa: malalamiko ya mizani yamepungua au hayakupungua?

Pili: swali la kukadiria. Shamba moja linatoa chai kavu kilo ngapi kwa siku? Msaili hatafuti hesabu kamili, anatafuta njia. Tuseme wachumaji ni 600, na kila mmoja anachuma kilo 30 za majani mabichi. Hizo ni kilo 18,000. Tukikadiria kwamba kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, tunapata kilo 4,000. Kila hatua isemwe kwa sauti, ili msaili aone fikra inavyokwenda na aweze kuisahihisha.

Tatu: swali la kipimo kilichoshuka. "Wiki hii watumiaji wamepungua kwa asilimia 10. Utafanya nini?" Hapa fundi wetu yuko nyumbani kabisa. Mashine ikitoa nguo pungufu, fundi mzuri hakimbilii kuifungua. Huuliza: hesabu yenyewe ni sahihi? Upungufu umeanza lini? Ni zamu zote au zamu moja? Kuna kilichobadilishwa, uzi au spea? Au sababu iko nje, kama umeme kukatika? Mpangilio ni huo huo kwa mashine na kwa programu.

Nne: maswali ya mwenendo. "Tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako kazini." Jawabu lifuate hatua nne: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Amazon inajulikana kwa maswali haya. Inayo misingi 16 ya uongozi, nayo ilikuwa 14 hadi mwaka 2021, na maswali ya wasaili wake hujengwa juu yake. Tena katika duru huwamo msaili mmoja kutoka idara nyingine, ili haraka ya kujaza nafasi isishushe kiwango. Mwombaji atayarishe visa sita au saba vya kweli, vikiwemo vya kushindwa kwake.

Hapa tuna onyo kwa watoto wetu. Sisi chamani tumezoea kusema "sisi", na ni vyema. Lakini msaili akisikia "tulifanya, tuliamua" tangu mwanzo hadi mwisho, hatajua mwombaji mwenyewe alifanya nini. Basi aseme "mimi" pale alipofanya yeye, na awataje wenzake pale walipofanya wao. Huko si kujisifu. Ni kutoa hesabu iliyo wazi.

Namna ya kufanya mazoezi

Kusoma peke yake hakutoshi, kwa sababu usaili ni kusema. Wiki nne kabla, mwombaji afanye mazoezi ya sauti kila siku, saa moja, na mtu mwingine akiwa msaili. Mtu huyo si lazima awe msomi. Mzazi anaweza kuuliza: "Hicho unachobuni kitanisaidia nini mimi? Umejuaje kwamba ninakihitaji? Kikiharibika nani ataumia?" Asipoelewa jawabu, basi jawabu halijaiva. Binti wa fundi wetu alifanya hivyo jioni kwa jioni na baba yake, na akatuambia kwamba maswali ya baba yalikuwa magumu kuliko ya vitabuni.

Yapo mambo matatu ya kujilinda. La kwanza, kampuni ya kweli haimtozi mwombaji fedha za usaili. Anayedai "ada ya fomu" ni mwizi. La pili, mshahara mkubwa si dhamana ya kazi: Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza wafanyakazi 12,000 duniani. Mkataba usomwe mpaka mwisho kabla ya kutiwa sahihi. La tatu, kukosa mara ya kwanza si mwisho wa safari. Wengi huomba tena na kupata.

Kwa nini chama kinafundisha haya?

Kwa sababu maamuzi ya kazi hii yanatugusa. Ile huduma ya mizani inaweza kumlinda mchumaji. Inaweza pia kugeuzwa ikawa ya kumhesabia dakika alizopumzika. Anayeamua iwe hivi au vile ni mtu aliyeketi mezani, na meza hiyo mara nyingi haina mtu aliyewahi kubeba kikapu. Pia ndani ya kazi za teknolojia wapo wanaoumia: Mei 2023, mjini Nairobi, wafanyakazi wanaochuja picha na maandishi ya kutisha yanayotumwa kwenye mitandao walikutana na kupiga kura ya kuunda chama chao. Tunataka watoto wetu wafike kwenye meza hiyo, na wakifika wasisahau walikotoka.

Maswali ya kujadili tawini

1. Taja kifaa kimoja kilicholetwa kazini kwenu bila nyinyi kuulizwa. Mngeulizwa, mngesema nini?
2. Mashine yenu ikitoa kazi pungufu, mnaanza kuuliza nini, na kwa mpangilio gani?
3. Kila mmoja aeleze tatizo moja alilolitatua kazini, kwa kufuata hatua nne. Wenzake wamwambie pale ambapo hakueleweka.